Sindano ya Saa Ambayo Haijafika

Haya, kaeni vizuri. Wiki iliyopita tulimwacha Claudette ofisini kwake kando ya ziwa, simu sikioni, na mwanamke analia ndani ya simu hiyo. Kuna msomaji wa Nyundo amenitumia ujumbe wa kunilaani kwa kukata hadithi pale. Laana nimeipokea, baba. Sasa nyamaza usikilize.

Aliyekuwa analia ni Saidati, mke wa Faradji, fundi cherehani wa Majengo. Faradji ana ugonjwa wa sukari. Na Claudette, kwa mliosahau, ndiye aliyeandika programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa wa sukari wa Gisenyi sindano zao. Ukishachoma unabonyeza, simu za jamaa wote wa mgonjwa zinageuka kijani. Hujachoma, zinabaki nyekundu na kulia.

"Mama Belise, haamuki!" Saidati alimpigia Claudette kelele, akimwita kwa jina la bintiye. "Namuita, haitike! Jasho inamutoka sana!"

"Umemuchoma sindano?"

"Njo, nimemuchoma! Simu ilikuwa nyekundu, inalia, inasema sindano ya jioni bado. Yeye alikuwa anasinzia ku kiti, mi nikamuchoma. Nyuma kidogo akafungua macho, akaniambia, we mwanamuke unaniua, mi nimejichoma kule Goma kwa kiliya wangu wa nguo!"

Sindano mbili. Kama hujawahi kuuguza mtu wa sukari, jua hivi: sindano moja ya insulini ni uhai, mbili kwa mpigo zinakausha sukari mwilini mpaka mtu anazimika.

"Sukari!" Claudette alisimama. "Mupake sukari ndani ya shavu! Asali, Fanta, kila kitu! Halafu ita majirani mumupeleke hospitali. Usingoje mutu!"

"Lakini simu yako iliniambia bado," Saidati alisema, na sasa hakupiga kelele tena. "Iliniambia bado, Mama Belise."

Simu ikakatika.

Claudette hakulia. Alifungua kumbukumbu za Faradji. Sindano ya Goma haikuwepo. Akapekua mpaka kwenye pipa, pale programu inapotupa takataka zake, akaikuta imelala humo. Kando yake iliandikwa sababu ya kutupwa: saa hii haijafika.

Alisoma, akasoma tena. Mtu anaweza kuwahi, anaweza kuchelewa. Lakini ni binadamu gani anayejichoma sindano katika saa ambayo haijafika?

Hapa nitawafundisha kidogo. Asiyetaka kufundishwa aruke, shauri yake.

Kila saa inayoandikwa na mashine ina uso na mkia. Uso ndio mnaouona nyinyi, saa na dakika. Mkia unasema saa hiyo ni ya wapi. Ya Gisenyi ina mkia wa mbili, maana tumeitangulia saa ya Greenwich kule Uingereza kwa saa mbili. Ya Kinshasa ina mkia wa moja. Goma mkia wao ni mbili kama wetu; mtu wa Goma na mtu wa Gisenyi wanakunywa chai saa ile ile.

Simu haijui mambo hayo. Ukikaribia barrière, pale mpakani, inanasa mtandao wa ng'ambo, inaona Congo, inadhani uko Kinshasa, inakurudisha saa moja nyuma. Wafanyabiashara wetu walichoka zamani na upuuzi huo. Wanazima saa ya kujiendesha, wanaisukuma mbele kwa kidole. Nani hapa hafanyi hivyo? Hata simu yangu mimi iko hivyo. Uso unakuwa wa Gisenyi, mkia unabaki wa Kinshasa, na maisha yanaendelea.

Sasa, waandishi wa programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Wanachukua vipande vilivyoandikwa na wengine, wanaviita maktaba, kama wewe unavyonunua unga uliokwisha kusagwa. Claudette alichukua maktaba ya kuhesabu saa, ambayo asubuhi hii ilikuwa imejibadilisha kuwa toleo jipya. Jioni hii aliifungua ndani kwa mara ya kwanza, akaona uchafu wake.

Sehemu moja ya maktaba ile, inayoonyesha saa, inaukata mkia na kuutupa. Sehemu nyingine, inayolinganisha saa, inausoma mkia na kuuamini. Kwa hiyo simu ya Faradji ilisema amejichoma saa kumi na mbili, sawa, kijani. Mashine kuu ya ofisini ikasema hapana, saa kumi na mbili yenye mkia wa Kinshasa ni saa moja ya Gisenyi, na saa moja haijafika, huyu mtu anadanganya. Ikaitupa sindano yake pipani. Simu ya mkewe ikabaki nyekundu.

"Yesu we," Claudette alinong'ona.

Mlango ukafunguliwa. Jado, mwenye kampuni, aliingia na tai shingoni, ananukia vizuri. Jado alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko tai yake.

"Claudette, wageni wenye mtaji wamekwisha kukaa mezani hotelini. Wanataka kuiona programu ikifanya kazi. Twende."

"Boss, zima mashine."

"Nini?"

"Zima! Inatupa sindano za batu. Faradji amechomwa mara mbili, iko anakufa!"

Jado alicheka kidogo, akaona uso wa Claudette, akaacha kucheka. Claudette akamweleza, mkia, uso, pipa, vyote kwa pumzi moja.

"Subiri, subiri. Ni simu ngapi zenye mkia huo?"

Hilo lilikuwa swali zuri, tumpe haki yake. Claudette akaiuliza mashine: nionyeshe sindano zote za jioni hii zilizotupwa kwa sababu ya saa. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Yalikuwa machache. Jina la Faradji. Jina la mama mmoja wa Kanama. Na chini yake jina lililomfanya ashike meza.

Mgonjwa: Belise. Aliyechoma: Mukankusi.

Wasomaji wa tangu mwanzo mmekwisha kuelewa. Wapya nawashika mkono. Belise ni binti wa Claudette, ana miaka minane, na anaishi kwa sindano. Mukankusi ni mama yake Claudette, bibi yake Belise, mwenye kuuza vitenge Goma. Na Régis, mume wa Claudette, ndiye aliyeko nyumbani jioni hii anamngoja mtoto.

Tatizo ni kwamba Mukankusi na Régis hawasemeshani.

Yalianza siku Belise alipougua mara ya kwanza. Mukankusi alimpeleka kwa watu wa maombi badala ya hospitali, na Régis akamfokea pale getini mbele ya majirani. Mama mkwe kufokewa na mkwe! Kwa desturi za kwetu hata kutazamana machoni wanaepuka. Mukankusi aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga ndani ya nyumba ile. Tangu hapo anamchukua mjukuu getini na kumrudisha getini.

Ndiyo maana Claudette aliandika programu hii, kabla hajajua kama kuna mtu mwingine duniani ataitaka. Aliiandika kwa ajili ya watu wawili wasiosemeshana ambao wanamlea mtoto mmoja. Bibi abonyeze, baba aone. Hakuna haja ya maneno.

"Boss, ni mutoto wangu," alisema.

Jado akavua koti hapo hapo. "Nenda. Wewe nenda kwa mtoto, hapa niachie mimi. Nilikuwa naandika programu kabla hujaanza shule."

"Zima tu. Usiguse kitu kingine."

"Nenda, mama, unapoteza muda!"

Claudette alishuka ngazi anapiga simu ya Régis. Iliita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Sasa lazima niwaambie jambo kuhusu Régis: ni mwanamume wa saa. Hajawahi kuchelewesha sindano ya binti yake hata siku moja. Na akishika sindano hapokei simu ya mtu, hata ya padri, kwa sababu anaogopa mkono kutetemeka. Sheria hiyo alijiwekea mwenyewe, na Claudette alikuwa akimsifu kwa hilo.

Akampigia mama yake.

"Allô, Cloclo."

"Mama! Belise iko wapi?"

"Nimemufikisha. Nimemuacha ku portail, pale getini, sasa hivi, kama kila siku. Alikuwa na usingizi kidogo, tumetembea sana."

"Ulimuchoma sindano?"

"Weee, unanionaje? Nilimuchoma kule kwa mamako mudogo, akakula, nikabonyeza. Ikakuwa kijani. Bon, ni nini?"

"Ulimwambia Régis?"

"Nimwambie na mudomo gani? Simu si imemwambia?"

"Simu imemudanganya, mama! Kwake iko nyekundu! Atamuchoma tena! Rudi, ingia ndani, mushike mukono!"

"Ndani? Ndani ya nyumba ya mukwe wangu?" Sauti ya mama ilibadilika. "Claudette, we unajua vile niliapa."

"Mama, sindano ya pili itamuua! Ingia! Ingia, nakuomba, nakup…"

Kimya. Claudette alitazama simu. Nyumba yake iko Mbugangari, pale mpakani, na simu ya mama yake ilikuwa imerukia tena mtandao wa upande wa pili. Alipiga mara kwa mara, akajibiwa na yule dada wa Kifaransa anayesema namba haipatikani. Hakujua kama mama alisikia neno la mwisho. Hakujua kama amegeuka au ameendelea na safari yake.

"Motari! Mbugangari! Kimbia!" alimwitia mwenye pikipiki.

"Vaa kofia kwanza, madamu."

"Nitavaa njiani!"

"Njiani nitakamatwa. Vaa."

Akavaa. Pikipiki ikang'oka. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, achelewe, Mungu, leo tu achelewe, apoteze pamba, mtoto akatae, taa zizimike. Alikuwa anaomba mumewe awe mtu mzembe. Mwenyewe aliona aibu ya maombi hayo na bado akaendelea kuyaomba.

Pikipiki ilipofika, geti lilikuwa wazi.

Na mlangoni mwa nyumba, juu ya kizingiti, kulikuwa na kandambili za rangi ya machungwa. Claudette alizijua. Zilikuwa za mama yake, moja huku, moja kule, zimevuliwa kwa mwendo wa mbio. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Ameingia! Mama ameingia!

Alikuta sebuleni mambo ambayo hakuwahi kuyaona tangu aolewe. Mukankusi alikuwa amemkamata Régis mkono kwa mikono yake miwili, kitenge kimeanguka, anahema. Sindano ilikuwa sakafuni. Belise alikuwa amelala kwenye kochi.

"Nimemukamata!" Mukankusi alisema. "Cloclo, nimefika, nimemukamata mukono!"

Claudette alipiga magoti. "Asante, mama. Asante, Mungu wangu, asante."

Régis alikuwa anaitazama ile sindano sakafuni. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni.

"Régis?"

"Iko tupu," alisema. "Nilikuwa nimemaliza. Alinikamata nikiwa naitoa."

Nani wa kumlaumu? Simu ilisema nyekundu, naye akafanya kazi ya baba. Lakini ulimi wa Claudette haukungoja haki.

"Kwa nini hukumuuliza? Mutoto si ana mudomo?"

"Alikuwa amesinzia! Nikajua ni sukari imepanda, kwa sababu simu inasema hajachomwa! Ningefanya nini, Claudette? Wewe njo uliniambia niamini ile rangi!"

Mtoto akajikunja kwenye kochi. Paji lake la uso lilikuwa limelowa, na vidole vyake vilitetemeka. Claudette aliponyakua kipimo na kumtoboa kidole, namba iliyotokea ilikuwa ndogo, na alipopima tena ilikuwa imeshuka zaidi.

"Belise! Belise, nitazame!"

Macho yalifunguka nusu, hayakumwona mtu.

Hapo Mukankusi akawasukuma wote wawili kando. Alikaa kwenye kochi la mkwewe, akampakata mjukuu, akamwinua kichwa.

"Régis, mwanangu," alisema, na tangu siku ile ya getini hakuwahi kulitaja jina hilo. "Leta sukari. Leta na chai ya moto kidogo. Halafu ukimbie utafute voiture ya kutupeleka hospitali."

"Ndiyo, mama," Régis alijibu, akakimbia.

Alirudi na kopo zima la sukari, akamwekea mkononi, akatoka mbio nje. Mukankusi alilowesha kidole, akakichovya sukarini, akampaka mtoto ndani ya shavu. Akarudia. Alikuwa anaimba chini chini kitu cha Kinyarwanda cha kubembelezea watoto wachanga, na machozi yanamdondoka bila yeye kujua. Claudette alishika mguu mmoja wa mwanawe, maana ndio pekee uliobaki wa kushika.

"Ramba, mama. Ramba, roho yangu. Ile yote ni yako."

Ulimi wa mtoto ukasogea. Ukaramba. Baada ya muda akameza kijiko cha chai iliyojaa sukari, akakohoa, akameza kingine. Claudette alipima tena kidole. Namba ilikuwa imeacha kushuka. Alipopima mara nyingine ilikuwa imepanda kidogo, kidogo tu, lakini imepanda.

Belise akafungua macho kweli kweli. Alitazama dari, akatazama mkono uliomshika, halafu uso ulio juu yake, akakunja uso kwa mshangao.

"Koko," alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake. "Uko ndani ya nyumba yetu?"

"Niko ndani, mutoto wangu."

"Papa anajua?"

Mukankusi alicheka na kulia pamoja. Claudette naye akaficha uso kwenye goti la mama yake, akalia kama hajalia tangu utoto. Nje Régis alikuwa anapiga kelele, voiture imepatikana, inageuza, inakuja. Na mimi ningependa kuikata hadithi hapa, niwaache mlale. Sina ruhusa hiyo.

Juu ya kabati simu ya Régis ililia.

Claudette aliinua kichwa. Akaisogelea. Kioo kilikuwa chekundu. Sindano ya Belise, ya jioni: bado.

Hapana, alijiambia, haya ni mabaki ya mwanzo. Akafungua simu yake mwenyewe. Nyekundu. Akachukua ya mama yake, ile iliyokuwa kijani tangu Goma. Nayo nyekundu. Akarudi kwenye simu yake: kulikuwa na ujumbe wa Jado.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Sikuzima. Nimerekebisha. Nimezisogeza saa za wagonjwa wote mbele kwa saa moja ili zilingane na ule mkia wa Kinshasa. Sasa wote wako sawa. Wageni wamefurahi sana."

Wote wako sawa! Watu wa sukari huchoma sindano ya jioni kabla ya chakula, na mji mzima ulikuwa ndio kwanza umekula. Jado alikuwa amezisogeza sindano zote za jioni hiyo kwenye saa ambayo haijafika. Mashine imezitupa zote pipani. Na sasa ilikuwa inafanya kazi ambayo Claudette aliiundia, inaziita nyumba moja moja na kuziambia bado, bado, bado.

Akapiga simu ya Jado. Imezimwa. Bila shaka, yuko mezani na wageni.

Halafu akasikia mlio ule ule, mwembamba, ukitoka nyuma ya ukuta wa ua. Kwa jirani. Kwa mama Mukasine, ambaye mumewe ni mzee wa sukari, na ambaye Claudette mwenyewe alimfundisha kubonyeza.

Alitoka mbio miguu mitupu, akapanda juu ya ndoo, akashika ukuta.

"Mama Mukasine! Mama Mukasine, usimuchome muzee! Usimuchome!"

Mlio ulikuwa umenyamaza. Mama Mukasine alitokea mlangoni, bibi mtaratibu wa rika langu, anajifuta mikono kwa kitenge. Alitabasamu alipomwona.

"Ee, Mama Belise, usihangaike. Kitu chako ni kizuri kweli," alisema. "Mi nilikuwa naona kabisa nimemuchoma, mbele ya chakula. Lakini simu ikasema bado. Nikasema, bon, nimezeeka, nasahau. Nimemuchoma sasa hivi. Amelala."